Fahali wa Wapigaji Arobaini

Nyansurura, Serengeti
3 Novemba 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia kwa heshima zote, nikitumaini barua hii itakukuta umesimama, si umelala. Goti linasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyoagiza inakusaidia, au unaiweka kabatini kama zile nyingine? Na migomba je, mnyauko umeingia shambani kwetu au umeishia kwa jirani? Huku mvua za vuli zimeanza kwa kusuasua, watu wanapanda huku wanatazama juu. Mimi mwili ni mzima, ila nimechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka umeisha.

Barua naikabidhi kwa Mwalimu Evance, anayekuja Bukoba kwenye harusi ya dada yake. Najua macho yako hayapendi tena mwandiko wangu, kwa hiyo dada Veronika atakusomea. Asome taratibu, asiniharakishe.

Uliniuliza kama uje Desemba ukae nasi mpaka mwaka mpya, umwone mjukuu wako Gift na upikiwe na mkweo. Jibu limo humu. Lakini siwezi kulitoa kabla sijakueleza habari ya fahali wa Mzee Machage, maana ndiye aliyenifungua mdomo.

Mzee Machage ndiye mwenye nyumba yangu. Ana boma kubwa, ng'ombe wengi, na maneno machache. Mwaka jana alifiwa na mkewe Gati, mama aliyekuwa mwanakwaya kanisani, ingawa mzee mwenyewe kanisani haingii. Anasema yeye aliwahi kuzaliwa kabla ya kanisa kufika. Tangu Gati afariki, jioni alizoea kuleta kigoda chake akaketi chini ya dirisha langu. Mwanzoni nilidhani anataka kodi. Kumbe anasikiliza.

Unakijua kile kishikwambi nilichonunua Sirari, ulichosema bei yake ingenitosha kununua mabati. Ndicho ninachofanyia muziki nikitoka kazini. Kina programu yenye sauti za vyombo vya okestra: fidla kubwa na ndogo, filimbi, tarumbeta, ngoma zile za kishindo. Usidhani mashine imezibuni. Watu wa nchi za mbali waliingia ukumbini, kila mmoja akapiga noti moja moja, kwa upole, kisha kwa nguvu, zote zikarekodiwa. Mimi nagusa kioo, na noti ya mtu yule inalia hapa Nyansurura. Nazipanga tabaka juu ya tabaka, fidla kwanza, kisha zile nene za chini, mpaka unajisikia umesimama mbele ya kundi zima. Ni kazi ya kuumiza shingo. Kipande cha dakika tatu kinaweza kunila mwezi, na kikipata joto kishikwambi kinazima bila kuniaga.

Basi siku moja nimerudi kutoka kuchanja ng'ombe, vumbi limejaa mpaka kwenye meno, nikakaa kurekebisha filimbi. Mzee Machage akaniita kupitia dirisha akasema huyo wa filimbi amechoka, nimpe maji. Nikamwuliza amejuaje. Akasema amemsikia akivuta pumzi kabla ya kupuliza. Mama, alikuwa sahihi. Katika zile sauti wameacha pumzi za wapigaji, na ukiweka sikio vizuri unasikia hata kiti kikilia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuacha kuzisikia.

Ndipo akaniomba nimtengenezee wimbo ambao Gati alikuwa akiuimba akikamua ng'ombe, upigwe siku ya kuweka msalaba kaburini. Wimbo haukuandikwa popote, na kwaya hawaujui, kwa sababu Gati alijitungia. Mzee akawa ananiimbia kwa sauti yake ya kukwaruza, kipande kimoja kila jioni, huku akinikemea nikikosea. Nilikubali. Alipomaliza kipande cha mwisho akauliza watu wangu wale wako wangapi. Nilikuwa nimechoka. Nikahesabu fidla, nikaongeza filimbi na tarumbeta, nikamwambia wanafika kama arobaini. Akatikisa kichwa, akachukua kigoda chake, akaenda kulala.

Mimi nilidhani ameuliza kwa udadisi tu. Sikujua kuwa katika boma lile swali hilo ndilo mwaliko wenyewe. Aliyekubali kupiga muziki kwenye shughuli amekubali kuja na wapigaji wake, na mwenye shughuli anauliza idadi mara moja tu. Kumuuliza tena kama kweli watakuja ni sawa na kumwambia unatamani wasije, chakula hakitoshi. Kwa hiyo hakuuliza tena. Akaenda zizini akachagua fahali.

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, asubuhi, binti yake Elieth alinigongea mlango akasema nyama iko tayari, nije niipime. Hiyo ni kazi yangu, nikachukua kisu na mhuri nikaenda. Nikamkuta fahali yule mweusi, yule mwenye nundu iliyolala upande, ameshaning'inizwa. Nilimfahamu vizuri, nimemchanja kwa mkono wangu. Nikapasua ini, nikatupa kipande kilichokuwa na minyoo, nikatazama mapafu na moyo. Yaliyobaki yote safi. Wakati nagonga mhuri nikamwambia mzee kwamba kwa shughuli ya kuweka msalaba hii ni nyama nyingi mno, mbuzi wawili wangetosha ndugu na majirani. Akanijibu kwamba ndugu na majirani wana mbuzi wao. Huyu ni wa watu wangu arobaini, na yeye hawezi kuwalisha mbuzi watu waliotoka mbali namna hiyo. Kisha akaniuliza gari lao limefika wapi.

Mama, nilisimama na mhuri mkononi. Nilitazama uani nikaona viti vya plastiki vya kukodi vimepangwa safu nne pembeni ya turubai, na Elieth anavifuta vumbi. Wanawake walikuwa wameamkia kusonga ugali tangu alfajiri. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na mwenyeji alikuwa amejiandaa kupona kweli kweli. Ningeweza kudanganya kuwa gari limeharibikia Bunda. Nakiri neno hilo lilifika kwenye ulimi. Lakini nilikuwa nimechoka hata kudanganya. Nikamwambia hakuna gari. Hakuna watu. Nikamweleza habari ya ukumbi na noti moja moja, kwamba wale watu hawanijui, wala hawajui kama kuna mahali panaitwa Nyansurura, na wengine labda wameshakufa. Kwamba aliyekuwa akipiga muda wote ule ni mimi peke yangu, kwa kidole kimoja.

Nilingoja matusi. Mzee wa Kikurya amechinja fahali mbele ya ukoo mzima kwa ajili ya wageni ambao hawapo. Aibu hiyo ni ya kuhamia nayo wilaya nyingine. Maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Hakunitukana. Alisema, mura, kijana wangu, mimi tangu mkeo aondoke nilikuwa najiambia huyu kijana ana watu arobaini ndani ya nyumba, hana shida. Nilikuwa nakuja dirishani kwako nikipata upweke, nikasema niende kule kwenye watu. Kumbe ulikuwa peke yako humo ndani kama mimi.

Veronika, hapa usiruke mstari. Msomee Mama kama ilivyo.

Mama, Brenda hayupo Nyansurura. Aliondoka na Gift tangu Januari, alipohamishiwa zahanati ya Kewanja, kule Tarime karibu na mgodi. Tulipanga niwe nawafuata kila mwisho wa wiki, na mwanzoni nilikwenda. Ikaja chanjo ya ng'ombe, nikakosa wiki mbili. Ikaja wiki ambayo sikuwa na kazi yoyote, nikabaki kumalizia tarumbeta. Hatukugombana. Ingekuwa ugomvi ningejua pa kuanzia. Lakini hata tulipokuwa tukiishi pamoja nilikuwa nimeinamia kishikwambi na spika yake kila jioni, sisikii lingine, na Brenda alikuwa akizungumza na mgongo wangu. Siku anafunga mizigo aliniambia kwamba amechoka kuishi kwenye nyumba yenye kelele isiyo na mtu wa kumjibu. Nikamwambia tutaongea nikimaliza kipande hiki. Ndivyo nilivyomwambia, Mama, na wala sikugeuka.

Kila barua niliyokuandikia mwaka huu kwamba Mama Gift anakusalimu, salamu zile nilizitunga mwenyewe. Ndiyo sababu pia sikupigii simu, maana ungesema nimpe Gift aongee na bibi. Njia ya mwongo ni fupi, ila mimi niliitembea kwa miezi mingi kwa sababu hakuna aliyenikuta njiani. Naomba unisamehe.

Nirudi kwenye msalaba. Nilimwomba mzee tuondoe viti. Alikataa. Alisema watu wale walivuta pumzi zao kwa ajili ya Gati, wajue wasijue, na mtu aliyefanyia kazi boma lake haondolewi kiti. Basi padri alipomaliza kubariki msalaba tukaweka spika ya kanisa mbele ya viti vile vitupu, nikagusa kishikwambi. Watu walitazama viti. Wapo waliocheka chinichini. Filimbi ilipoingia na wimbo wa Gati, Elieth alikaa chini pale pale penye majani ya mgomba na beseni la nyama, akalia kwa sauti, na wanawake wa kwaya wakamzunguka. Mzee Machage hakulia. Alisimama ameegemea fimbo yake mpaka mwisho, midomo ikitembea na wimbo. Baadaye watu wakala, wakabakiza, maana fahali yule alikuwa mkubwa. Mimi nilipewa kichuri, ile supu yao chungu, na kwa mara ya kwanza niliimaliza.

Jioni aliniita. Paja zima lilikuwa limefungwa kwenye gunia safi. Akasema kwao chakula cha mgeni aliyeshindwa kufika hubebwa kikamfuata alipo. Wale wa ng'ambo hawezi kuwafikia na wala hajui kama wanakula ng'ombe. Lakini mimi nina watu ninaoweza kuwafikia kwa pikipiki. Nikajaribu kusema nitapeleka wiki ijayo. Akasema nyama haingoji wiki ijayo.

Jumapili nikafunga gunia nyuma ya pikipiki ya ofisi nikaenda Kewanja. Brenda alikuwa anaanika nguo. Hakushtuka, wala hakufurahi. Aliuliza nyama ni ya nini, nikamweleza yote, la fahali, la viti, la pumzi, mpaka nikafika pale mzee aliposema nilikuwa peke yangu. Aliendelea kuanika. Kisha akasema kumbe imebidi achinjwe ng'ombe ndipo useme. Nikakubali.

Gift alitoka ndani. Amerefuka, Mama, na ana meno ya mbele yaliyoachana kama ya marehemu baba. Nikainama, naye akaweka mkono wake mdogo kichwani pangu, kinyume, maana mkubwa ndiye humshika mdogo kichwa, akasema, shikamoo anko. Brenda akamwambia huyo si anko, huyo ni baba. Gift akasema haya, akarudi ndani. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka jua likaanza kushuka, Brenda akaniletea chai, akasema barabara si nzuri gizani, niwahi.

Kishikwambi kipo. Sikukivunja wala sikukiuza, na nisikudanganye kwamba nimeacha. Ila jioni naweka muziki nikiwa nimeugeukia mlango, na Mzee Machage anaingia ndani sasa, haketi tena dirishani.

Basi jibu lako ni hili. Njoo Desemba. Lakini ukifika usije Nyansurura. Shuka Tarime, panda gari la Nyamongo, nenda moja kwa moja Kewanja kwa mkweo. Nilimwomba ruhusa kabla sijaondoka, akasema nyumba ile ni yako, uje ukae utakavyo, na kwamba ndizi usisahau. Nilitaka kumwomba na mimi nije siku hizo, nikashindwa. Mama, niombee wewe. Ukishakula, ukishapumzika, mkiwa mmekaa vizuri, mwulize Brenda kama naruhusiwa kuja. Asipotaka usimlazimishe, nitakuja kukusalimu mchana nirudi kwangu.

Nisalimie Baba Mdogo na wote wa kwa Shangazi Efrazia, na majirani wa ng'ambo ya kijito. Mwambie Veronika nimemshukuru kwa kusoma, na kama amelia asione aibu. Mungu akulinde, akupe nguvu ya goti mpaka safari iishe.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Projestus