Kuku Kwanza, Mtu Baadaye

Baba Neema, mkwe wangu,

Najua ungeanza na shikamoo, umegeukia pembeni kama desturi inavyotaka. Marahaba, mwanangu. Sasa geuka unisikilize.

Anayeandika ni mkeo, maana mimi kalamu naijua kwa kuiona tu. Nimemwonya asichomeke maneno yake ya mapenzi humu. Ya kwake akuandikie mwenyewe.

Nina habari mbaya. Kisima kile kimefunuliwa.

Mwaka huu mvua imetudanganya. Alizeti zimekauka zikiwa magotini, bomba la kijiji linakohoa hewa tupu, wanawake wanatoka na madumu alfajiri wanarudi jua la utosi. Kiu ikizidi, watu husahau. Ile miiba tuliyofunikia kisima baada ya kukuzika niliikuta imesogezwa kidogo. Kesho yake imesogezwa zaidi. Hakuna aliyekiri. Kila nikipita nawakuta wanaume wamesimama pale mikono nyuma, wanatupa kijiwe, wanasikiliza. Wakiniona wananiamkia kwa sauti kubwa kupita kiasi. Mtu akikuamkia hivyo, ana jambo.

Yale ya siku ile sijayasahau mimi. Mpira wa pampu ulikuwa mfupi, haufiki maji, wakajiona werevu: tuishushe pampu yenyewe, ikae juu ya magogo mle ndani, iungurume hukohuko. Ikaunguruma, moshi ukakosa pa kutokea. Ilipozima, Saidi wa jirani akashuka kuitazama. Wakamwita, hakuitika.

Ukaja mbio kutoka shambani. Nikakukamata shati. Mkwe kumshika mkwe! Mimi ambaye tangu umwoe mwanangu nikikuona njiani napita vichakani, siku ile nilikushika na jina lako nikalitaja mbele za watu. Nikasema, "Zimamoto wameshapigiwa, subiri!" Ukasema, "Mama, mjini ni mbali, huyu hana muda." Ukajifunga kamba, ukashuka.

Halafu nikasikia, "Mama, vuteni!"

Nikavuta na wenzangu. Viganja vilichunika, nami nilivuta nikijua nakuvuta wewe. Akatoka Saidi. Amefungwa kamba yako kwapani, kwa fundo lako lile la kufungia ng'ombe. Tukairudisha kamba. Tukaita. Kamba ikalala tu huko chini, haina mtu.

Zimamoto walipofika, akashuka binti mwembamba, mtungi wa hewa mgongoni. Nilimtukana, nakwambia kweli. Nilisema, "Tumeomba watu, mmeleta mtoto!" Huyo mtoto ndiye aliyekupandisha. Akavua kofia, akapiga magoti vumbini, akakusukuma kifua, akakusukuma, mpaka mwenzake akamgusa bega. Akaukataa ule mkono, akaendelea. Kichwa chako kilikuwa mapajani mwangu. Desturi ilikuwa wapi wakati ule? Sijui. Sikuitafuta.

Kwenye arobaini yako alikuja bila sare, akakaa nasi kupukuchua mahindi. Akatufundisha, "Mtu akizimia shimoni, msimfuate. Tuiteni." Nikamjibu, "Mwanangu, waambie hawa. Mkwe wangu hakuumbwa hivyo." Akacheka, kisha tukalia wote wawili kama wajinga. Kila nikikuombea wewe, naye namtaja.

Sasa sikia ya juzi. Asubuhi nilisikia watu kisimani. Nikabeba kigoda changu, nikabeba tenga, nikamkamata na jogoo wangu mwekundu. Nafika, namkuta nani amejifunga kamba ile yako kiunoni? Saidi. Saidi wako!

"Bibi, shikamoo," anasema. "Kijiji kina kiu. Na haya maisha si yangu, ni ya Baba Neema. Niache niyatumie."

Nikamwambia, "Kama ni ya Baba Neema, nani kakuruhusu kuyatupa?"

Wazee wetu waliochimba visima walikuwa hawashuki kabla ya kuku. Unamtia tengani, unamshusha, unangoja, unampandisha. Akitoka analalamika, hewa ni nzuri, shuka. Sisi tuliiacha desturi hiyo kwa uroho. Siku hizi wanunuzi wanafuata kuku hadi mlangoni, nani atampeleka shimoni?

Nilipomfunga jogoo, kijana mmoja akadakia, "Bibi, supu hiyo inapotea!" Nikamwambia afunge domo. Tukamshusha. Alipiga kelele, akapiga, sauti ikashuka naye. Kisha kimya.

Kimya kile, Baba Neema. Nakijua. Ni kilekile.

Tukampandisha, shingo imelala ukingoni mwa tenga. Hakuna pampu inayounguruma sasa, lakini hewa ya mle bado inaua. Yule wa supu akatazama miguu yake. Saidi akaanza kujifungua kamba, fundo likamshinda. Nikamfungua mimi, kamba nikaichukua. Jogoo ni kibudu, hakuna aliyemla. Tumemzika si mbali nawe, usishangae.

Miiba tumeirudisha. Mkeo amempigia yule binti, amesema watakuja kupima hewa na kutuonyesha la kufanya. Nangoja. Lakini mbingu ni nyeupe, hata kawingu hakuna, na leo asubuhi mwiba mmoja umesogezwa tena. Sijui ni nani. Kiu haina jina.

Basi nimehamia pale. Nachambua mboga pale, natukana watu pale. Saidi ananiletea uji, anakaa upande wa pili wa shimo. Mwacheni akae, nimesema. Anakulinda na wewe.

Nakuahidi hivi, mwanangu. Nikiwa hai, hakuna mtoto wa mtu atakayeshuka mle kabla ya kuku, na hakuna atakayemfuata mwenzake. Kamba ile uliyomfungia Saidi wameitafuta kila nyumba. Hawataiona. Nimeikunja chini ya kitenge changu, juu ya kigoda. Nimeikalia.

Pumzika, Yohana. Nimelitaja tena jina lako, wala sioni haya.

Mama mkwe wako.