Ukingo wa Samaki

Jumatatu, 10 Machi

Wiki ya tano leo tangu Baba Lusungu aangushwe na kiharusi. Mkono wa kulia, hamna kitu. Mguu wa kulia, wa kuburuza. Maneno yote yamemtoka, limebaki moja tu: "bo". Uji — bo. Maji — bo. Mchungaji akimwombea — bo! Huyu ni Ezroni, fundi seremala aliyekuwa akigombana na wauza mbao mpaka soko zima la Kyela linageuka kutazama.

Daktari kasema akili ipo, anatuelewa, ila maneno yamefungwa. Kusoma na kuandika navyo vimekwenda. Hata kichwa chake tusikiamini, anaweza kuitikia kumbe anakataa. Nikamuuliza, sasa mimi nitamjuaje? Akasema kwa picha, mama, mpe picha achague.

Picha! Nizitoe wapi? Nimerudi nimenuna njia nzima. Nilipofika nyumbani nikaiona cherehani yangu ya mbao, imefunikwa kanga kule karakana, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Jumatano, 12 Machi

Hilo jina la cherehani ya mbao alilitoa Baba Lusungu. Lusungu, binti yetu aliye Mbeya, aliniletea hii mashine ya mtumba mwaka juzi, nilipoacha kushona. Ni msumeno mwembamba, karibu uwe uzi, unapanda na kushuka katikati ya meza ndogo, na wewe unazungusha ubao kwa vidole. Nani hajui kazi hiyo? Miaka thelathini nimeshona sare za kwaya! Nikaanza na twiga, nikaja malaika wa Krismasi, nikaja majina ya wajukuu. Yeye fundi wa milango na vitanda akawa anawaambia watu, mke wangu siku hizi anashona mbao. Midoli, aliiita.

Lakini randa alinipigia yeye. Na kazi ikiwa mbovu hakusema neno. Aliishika, akaipapasa, akanirudishia mkononi. Basi! Eti nijue mwenyewe kosa liko wapi. Tabia hiyo niliichukia mpaka basi.

Leo nimeihamishia mashine barazani ili nikate huku namwona. Tumeibeba mimi na Mama Jubilate wa jirani. Tumeigonga mlangoni mara mbili, mama wa watu anacheka tu badala ya kuinua.

Jumapili, 16 Machi

Ibada nimekosa. Mungu ananiona, sikuwa navinjari.

Nimekata kikombe, kitanda, ndoo ya chooni, ndizi, Biblia. Vyote vya plaiwudi nyembamba. Unachora kwenye karatasi, unaibandika kwenye ubao, unapitisha selotepu juu ili mbao isiungue. Unatoboa tundu. Unaifungua bledi, ule msumeno wenyewe, upande mmoja, unaipenyeza tunduni, unaifunga tena, unaikaza mpaka ukiigusa inalia kidogo. Halafu taratibu — ukiharakisha kwenye kona inakatika. Nimekata bledi tatu, na matusi niliyotoa siyaandiki.

Kipande kinadondoka, ubao unabaki na nafasi yake. Nimevipanga mbele yake juu ya meza. Akavitazama. Mkono wa kushoto ukaja polepole, ukachukua kikombe, ukanipa.

Nikampa maji. Akanywa yote!

Nimelia mpaka Mama Jubilate akaja kuuliza kuna msiba gani.

Alhamisi, 20 Machi

Plaiwudi imeisha. Nimeokota karakana kipande cha mbao ya mkangazi, kinene karibu vidole viwili, nikamkatia samaki, maana huyu mtu na mbasa, samaki wa ziwa letu, ni ndugu. Samaki mzuri huyo! Mapezi, mkia, jicho la tundu la drili. Mashine ililalamika kwa unene ule lakini ilimaliza.

Amemnyakua kabla sijamweka mezani. Akanisukumia kifuani: bo! Bo! Nikasema sawa, Baba Lusungu, nimesikia, leo ni mbasa. Nimekwenda sokoni nikikimbia. Nimempikia na ndizi, nazi kidogo, kama anavyopenda.

Sahani ameisukuma. Akamchukua samaki wa mti, akanisukumia tena.

Jumamosi, 22 Machi

Jana usipa wa kukaanga — hataki. Jana jioni gege wa kuchoma — hataki. Leo nimempigia mtu wa Matema, katuma mbasa mbichi kwa basi, bado ana harufu ya ziwa. Nimemwekea mbele. Ametupa sahani chini. Imevunjika vipande vinne. Na mkononi kashika nini? Samaki! Ananipa samaki!

Nimempigia kelele. Nimesema unataka nini wewe, unataka nikuvulie mwenyewe? Nimempigia kelele mgonjwa. Akanitazama, jicho moja linatiririka lenyewe siku hizi, sijui alikuwa analia au ni lile jicho tu.

Nina aibu. Na nina hasira. Vyote viwili kwa pamoja, na hakuna hata kimoja kinachonisaidia.

Jumatatu, 24 Machi

Lusungu kapiga. Jumamosi anakuja na gari kumchukua baba yake. Mbeya kuna mtaalamu wa mazoezi, chumba kiko tayari, na daktari anasema miezi mitatu ya kwanza ndiyo yenye matumaini, ikipita hiyo basi tena. Mimi nitafuata nikishapata wa kuangalia nyumba. Mama, kasema, hapo Kyela anakaa tu na midoli.

Midoli! Nimemjibu vibaya. Nimemwambia hiyo midoli ndiyo mdomo wa baba yako. Halafu akauliza kwa upole, kwa hiyo anasema nini, mama?

Simu nimeikata nikasingizia mtandao.

Ana haki, mtoto. Kama mazoezi yatamrudishia hata maneno kumi, aende. Ila nataka kujua anachosema kabla hajaondoka. Akifika kule nani atahangaika naye? Lusungu anakwenda kazini. Huyo wa mazoezi atamnyoosha mguu, ataondoka.

Jumatano, 26 Machi

Mvua tangu asubuhi. Tumekaa barazani.

Amechukua ule ubao alimotoka samaki, akaugeuza juu chini, anamsukuma samaki kwenye nafasi yake kwa upande wa nyuma. Hapiti. Anasukuma tena. Hapiti. Anamtoa, ananipa. Nikamwonesha: hivi, baba, kwa mbele, unaona? Akamdondosha vizuri kwa mbele. Akamtoa. Akageuza. Akaanza tena kwa nyuma!

Mama Jubilate alikuwepo. Akasema kwa sauti ya chini, akili inarudi utotoni, Mama Lusungu, kubali tu usijiumize. Nilimwambia aende akaangalie sufuria yake jikoni. Alipoondoka nami nikaenda kujificha nyuma ya jiko.

Seremala aliyefanya kazi miaka arobaini hajui kipande kinaingilia upande gani. Nimeishiwa.

Alhamisi, 27 Machi

Ee Kyala! Ee Mungu wangu!

Asubuhi nafagia, nikamwokota samaki chini ya kiti. Sijui kwa nini, nikajaribu mwenyewe. Kwa mbele, anaingia. Kwa nyuma, anagoma. Nikasimama na ufagio. Kipande kilichokatwa wima kinapita kote kote, hata mimi najua! Nimekwenda karakana mbio, nimechukua skwea yake, ile pembe ya chuma ya kupimia, nikaiweka kwenye ukingo wa samaki. Mwanga unapita chini. Ukingo umelala! Samaki mzima mpana juu, mwembamba chini.

Nikainama chini ya mashine. Ile skrubu inayokaza meza imelegea, meza imeinama kidogo sana, huwezi kuona kwa jicho. Ni siku ile tulipoigonga mlangoni. Kwenye plaiwudi nyembamba haikuonekana. Kwenye mkangazi mnene imeonekana — kaiona yeye! Kwa kidole!

Wiki nzima namlisha mtu samaki, kumbe ananiambia kazi mbovu!

Nimemwendea na skwea mkononi nimesema, Baba Lusungu, meza imeinama? Ni hiyo? Akacheka. Nusu ya mdomo tu ndiyo inayocheka, lakini alicheka mpaka mabega yakatikisika, na mimi nikakaa chini sakafuni nikacheka naye. Alikuwa ananirudishia kazi, kama zamani. Vilevile kabisa! Na mimi nilivyokuwa naichukia hiyo tabia.

Nimekaza meza, nimepima kwa skwea mara tatu, nimekata samaki mwingine. Huyu anapita mbele, anapita nyuma. Akamshika, akazungusha kidole gumba kwenye ukingo wote, taratibu, mpaka ncha ya mkia. Akamweka mezani. Hakunirudishia.

Ndaga fijo, nimemwambia. Ndaga fijo, asante sana, fundi wangu.

Nimempigia Lusungu nikamweleza. Kafurahi, kacheka. Halafu akasema gari litafika Jumamosi saa mbili.

Ijumaa, 28 Machi

Kwa furaha ya jana nimetoa ule ubao wake wa mvule. Kipande alichokihifadhi chini ya kitanda miaka mingi, hataki kiguswe, eti siku moja kitapata kazi yake. Nimemwonesha kwanza. Bo, akasema, nikachukulia ni ruhusa.

Nimekata nyumba. Hii yetu ya mjini ni boksi, haina umbo la kukata. Nimechukua picha ya ukutani, nyumba ya wazazi wake kule Ikolo, yenye baraza la nguzo na migomba pembeni. Madirisha mawili, mlango, kila kimoja na tundu lake, bledi naipenyeza na kuitoa, naipenyeza na kuitoa. Mvule mgumu huo! Lakini imetoka nyumba ambayo hata mimi mwenyewe nimejipongeza. Nikadhani itamfaa kule Mbeya, akiwachoka aseme, nirudisheni nyumbani.

Ameishika muda mrefu. Kapitisha kidole nguzo moja moja. Halafu akanipa.

Nikasema ndiyo, nyumba. Tuko nyumbani. Nikamrudishia. Akanipa. Nikasema kesho unakwenda kwa Lusungu, nyumba ya Lusungu nzuri, ina umeme wa uhakika. Akanisukumia kifuani. Hasemi bo. Ananitazama, anasukuma.

Mdogo wake, Lameck, anayekaa kule Ikolo, kapiga jioni kumsalimia. Akaniambia, shemeji, chumba cha marehemu mzee kipo, tumekifagia, mkitaka. Kwa nini amesema hivyo? Nani kamwambia afagie?

Baba mkwe naye alilazwa hospitali akakataa dawa, anadai Ikolo, Ikolo. Tulimpeleka Jumanne. Ijumaa tulimzika nyuma ya migomba. Na yeye Ezroni ndiye aliyetengeneza jeneza. Tuliporudi aliniambia, mzee alijua alichokitaka.

Sitaki kufikiria hayo. Mvule ni mgumu, huenda bledi ilipinda, huenda skrubu imelegea tena. Kesho kukicha nitapima.

Jumamosi, 29 Machi

Lusungu kafika na dereva kabla ya saa mbili. Amenikumbatia, amemkumbatia baba yake, amekonda mtoto. Mabegi yako kwenye gari. Kiti cha mbele kimelazwa, na mito juu.

Baba Lusungu hataki kuiachia nyumba. Alipovalishwa, ilipita ndani ya mkono wa shati akiwa ameishika. Lusungu kasema baba kapenda mdoli wake, aje nao. Yeye akaniita kwa jicho. Nikasogea. Akaniwekea nyumba kiganjani, akanifunga vidole kwa mkono wake ule mmoja, kimoja kimoja.

Nikamuuliza, Ikolo? Akaitikia kwa kichwa. Nikamuuliza, Mbeya, kwa mwanao, ukafanye mazoezi? Akaitikia kwa kichwa. Nikamuuliza, nimekata vibaya? Akaitikia.

Nikamwomba Mungu jibu la kweli liwe hilo la mwisho, la kukata vibaya.

Sasa niko karakana, mlango nimeufunga kwa ndani. Nimewasha taa. Nimeweka skwea kwenye paa, hakuna mwanga. Kwenye nguzo zote nne, hakuna mwanga. Nimeipitisha nyumba kwenye ubao wake kwa mbele, imepita. Nimegeuza kwa nyuma, imepita. Mlango pia umepita. Nimekwenda dirishani kwenye mwanga wa jua nikarudia yote. Sijawahi kukata kitu kilichonyooka hivi maisha yangu yote.

Dereva anapiga honi. Lusungu anagonga, mama, baba ameshakaa kwenye gari, unafanya nini humo? Nimemwambia asubiri kidogo, kuna mahali hapajanyooka.

Bado dirisha la kushoto sijalipima mara ya pili.