Sakafu ya Nyumba ya Saba

3 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Natumaini hujambo huko. Sisi wazima, ila goti langu limeanza kutabiri mvua.

Kosa la wengi wanaojenga ni kudhani kuwa sakafu ikikauka juu, imekauka. Saruji haikauki, hukomaa. Usipoinywesha maji siku saba, hupasuka mwenye nyumba akishahamia. Nimewaeleza sana wanaojitolea hapa, mpaka wananiita Profesa Ndoo. Anayenielewa ni mama yako. Sakafu ya nyumba ya saba kainywesha yeye, asubuhi na jioni, akitoka kubeba matofali ya wenzake.

Kanuni ya chama chenu ni kwamba anayejitolea kujenga nyumba tano za wenzake hupewa ya sita. Dada yangu amejenga sita. Jana orodha ya wanaopewa nyumba ilibandikwa, naye hayumo. Wewe ndiwe katibu huko makao makuu. Hebu tazama jina lake limedondokea wapi.

Mjomba wako


19 Machi

Shikamoo mjomba,

Pole na goti. Mimi mzima, kazi tu.

Jina halikudondoka. Nililikata mimi. Tulipolifikia, mjumbe mmoja akacheka: "Mpakuaji kaanza na sahani ya kwao." Kamati nzima ikanitazama. Mama angalau ana chumba cha kupanga, na ana wewe. Orodha ijayo atakuwa wa kwanza.

Nakuomba asijue. Mwambie fomu yake ilichelewa.

Mpwa wako


8 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti limetulia, lililobaki halijatulia.

Nilimwambia kama ulivyotaka, na uongo ule nimeubeba mimi miezi hii yote. Nyumba ya saba amepewa seremala, mtu mwema, ila amejenga mbili tu. Siku ya funguo mama yako alimwonyesha dirisha linalokwama, akamkataza kuburuta kitanda. "Hiyo sakafu nimeilea mwenyewe," akasema. Watu wakacheka, naye akacheka nao.

Chama hakina kiwanja kingine. Hakuna orodha ijayo, nawe ulijua ulipoandika. Mwezi uliopita mwenye chumba alimtoa dada yangu, akitaka kumweka mwanawe. Kwangu tuko sita chumba kimoja, kwa hiyo analala stoo ya ujenzi, kati ya mifuko ya saruji. Akiulizwa, hujibu kwa majivuno: "Fomu yangu imekwama, lakini binti yangu yuko kule kule, anaitafuta."

Nilikuwa mwalimu, nivumilie nieleze. Upendeleo ni kumpa ndugu yako asichostahili. Kumnyima anachostahili ili wewe usisemwe, huo nao ni upendeleo, na uliyempendelea ni wewe.

Sitamwambia mimi. Leo, kabla hujala cha mchana, mpigie simu mama yako, umwambie ni nani aliyekata jina lake.

Mjomba wako