Mstari wa Mfalme

Jumamosi, Kindu. Mvua tangu alfajiri, nguo hazikauki, na leo nimemkumbuka Baba mpaka kifua kinauma.

Sababu ni mchungaji wetu. Kesho nasoma kanisani Kumbukumbu la Torati, sura ya ishirini na nane, naye ameniomba niishie kwenye baraka. Laana niziache, eti watu wameteseka vya kutosha. Nikakubali haraka, kama kawaida yangu.

Sura hiyo naijua tangu enzi za Zaire. Siku za kazi Baba alikuwa karani wa reli, Jumapili mwalimu wa kanisa. Alitusimulia kuanguka kwa Israeli kama habari za majirani waliohama juzi. Musa aliwaonya kabla hawajavuka Yordani, wakaitikia amina, wakasahau. Samaria ikaanguka. Yerusalemu ikachomwa. Mfalme Sedekia akapelekwa Babeli kwa minyororo. Nilizipenda sana jioni zile, wali wa mchele uliotoka Kibombo ukinukia jikoni na Baba akifoka kwa niaba ya Musa!

Kanisani, mtoto wa mwalimu ndiye aliyesoma, amesimama juu ya sanduku la sabuni. Zamu yangu ilifika nikiwa na miaka kumi na miwili, na sura ikawa hiyo. Mama akanivuta kando ya mlango.

"Ule mustari wa mufalme kupelekwa utumwani, uuruke. Bwana wa Chama iko pale mbele. Unataka wamufunge baba yako?"

Zaire nzima ilikuwa na Chama kimoja na mkubwa mmoja, na shuleni tulimwimbia kila asubuhi. Bwana wa Chama alikaa benchi la kwanza, ndani ya abakosi, ile suti ya Chama isiyovaliwa na tai, iliyonyooshwa vizuri.

Nikauruka.

Bwana yule akanisifu kwamba nasoma vizuri. Baba akanikalisha tulipofika nyumbani.

"Musa hakuruka, mutoto yangu," akaniambia taratibu. "Sisi njo tuliruka."

Jumapili iliyofuata akasoma mwenyewe, mstari wote, bila haraka. Mama alikuwa ameshafunga sweta na kipande cha sabuni kwenye kitambaa, tayari kwa gereza. Mimi nilikodolea macho kisogo cha bwana wa Chama. Hakugeuka. Baba alipomaliza, amina ya kwanza ilitoka benchi la kwanza.

Lile sweta Baba alilivaa miaka mingi. Kila akilivaa tulicheka, hata Mama.

Leo naona aibu. Wa kunifunga hayupo, na bado nimekubali kuruka, tena si mstari mmoja bali laana zote. Namwogopa nani?

Kesho nitasoma baraka, kama mchungaji alivyoomba, kisha sitafunga kitabu. Nywele zangu zimekuwa nyeupe, na ule mstari sijawahi kuusoma mbele ya watu.