Jiwe Chubwi, Jani Juu

Jumamosi, 6 Agosti 1988

Shule zimefungwa. Nimefundisha fizikia mpaka nywele zikaniaga, na leo nimefundishwa na mtoto mwenye meno manne.

Nilipita kumsalimu yule mama Mwingereza anayefundisha nasi. Mwanawe alikuwa sakafuni anatafuna kitabu. Kitabu kweli! Kurasa ngumu kama kigae, pembe zimeviringishwa zisimchome. Ukurasa wa kwanza mpira. Wa pili bata. Wa tatu mpira tena. Nikajiambia, Wasike, bata anajulikana. Sisi tutaanza na kani.

Mwanafunzi ninaye: mjukuu wangu Nekoye, mwaka mmoja na miezi kadhaa. Mimi na Agneta tunamlea huku binti yetu Maximilla akimalizia chuo cha ualimu. Mtoto amepewa jina la marehemu mama yangu. Kwa hiyo mimi humwita Mama, naye hunitawala ipasavyo.

Jumapili, 7 Agosti

Baada ya kanisa nimekata katoni ya sabuni. Gundi ni uji mzito wa ngano, ule tuliobandikia vitabu tukiwa wadogo. Ukurasa wa kwanza, kwa kalamu nene: KANI NI MSUKUMO AU MVUTO UNAOBADILI HALI YA KITU. Chini nimechora mtu akisukuma mkokoteni.

Agneta alichungulia juu ya bega langu. "Baba Maximilla, huyu hajajua hata kupenga kamasi."

"Kupenga kamasi ni kani," nikamwambia. "Ni msukumo."

Akarudi kwenye cherehani yake. Mabega yalikuwa yanatikisika. Cherehani haitikisi mabega hivyo.

Jumatatu, 8 Agosti

Kitabu kimeliwa!

Nilikianika uani. Jogoo wetu mwekundu akaukuta uji umekauka vizuri, akadonoa kani yote, akaendelea mpaka kwenye nishati. Ukurasa wa mwisho nimeukuta kinywani mwa Mama, akiunyonya kwa utulivu wa mtu anayesoma.

Jirani yetu Dorca, anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, aliona yote kupitia ua. "Yawa, Mwalimu! Watu wanapea kuku mahindi, wewe unapea yeye masomo!"

Kufikia jioni mtaa wetu mzima wa Kondele ulikuwa na habari. Muuza mkaa ameniuliza jogoo yuko kidato cha ngapi.

Jumatano, 10 Agosti

Maximilla amefika, amemaliza chuo. Tumefurahi sana. Halafu akatoa la pili: mumewe Masinde amepewa nyumba ya wafanyakazi kule Muhoroni, kwenye kiwanda cha sukari. Atakuja Jumamosi ya tarehe 27 kuwachukua. Yeye na mtoto.

Nilisema ni vizuri. Nilisema mtoto anahitaji baba yake. Nililisema hilo mara nyingi mpaka Agneta akaniambia nimeshasikika.

Basi masomo yaharakishwe. Ni kwa ajili ya sayansi tu.

Jambo moja dogo, halihusiani: Mama hajaniita bado. Agneta ameshakuwa "Kuu", ndiyo Kukhu hiyo, yaani nyanya yake. Mbwa wa Dorca ana jina. Jogoo ana jina. Kuka mwenyewe, yaani babu, mwenye nyumba, hana.

Jumapili, 14 Agosti

Toleo la pili. Maneno yamepungua — mhariri alikuwa Agneta, kwa mkasi wa kushonea. Kwenye uji nimechanganya maji ya mwarobaini. Jogoo alidonoa mara moja, akanitazama kama nimemtukania mama. Nekoye alilamba, akalia, akalamba tena kuhakikisha, akakubali kwamba kitabu si chakula. Huo ni utafiti.

Sasa kila ukurasa una picha moja. Jiwe: chubwi! Jani: juu! Kijiko: chubwi! Kizibo: juu! Mbele yetu karai la maji na vitu vyenyewe. Jiwe nimeliokota Kisian nikitoka matangani. Nilisimamisha watu barabarani nikichagua jiwe.

Nimechora na samaki kwenye jalada. Dorca amemgeuza huku na huku. "Huyu ni nani?"

"Ngege."

"Ngege ya wapi, Mwalimu? Hii hata ziwa itakataa."

Jumatano, 17 Agosti

Aibu. Kwenye kitabu nimechora chungwa likielea, na chungwa huelea. Lakini Agneta aliniletea la hapa stendi, lililokwisha kumenywa. Nikamwambia Mama kwa sauti ya darasani, "Chungwa — juu!" Nikaliachia. Chubwi, mpaka chini.

Ganda ndilo hulibeba, lina hewa. Nalijua hilo! Nimelitungia maswali ya mtihani! Mama alitazama karai, akatazama kitabu, akanitazama mimi. Nimewahi kutazamwa hivyo na mkaguzi wa shule, lakini yule alikuwa na suti.

Ijumaa, 19 Agosti

AMESEMA!

Niliinama kuokota jiwe, miwani ikaniponyoka, ikatua kwenye karai. Halafu, wazi kama kengele: "Bwi!"

Sikuona uso wake kwa sababu miwani ilikuwa majini. Agneta anasema alikuwa anapiga makofi. Nimemwita Dorca, nimemwita Maximilla. Tumeangusha miwani tena kwa makusudi, mara kadhaa. Bwi! Bwi! Kioo kimoja kimepata ufa. Hakuna neno.

Jumanne, 23 Agosti

Vilivyozamishwa tangu Ijumaa: sabuni, kiatu changu cha kushoto, bobini ya Agneta, Biblia ndogo (ilielea kidogo, Agneta kasema ni muujiza, mimi nasema ni jalada). Karai halimtoshi tena. Leo amefika mpaka mtungi wa maji ya kunywa jikoni, amejifunza kusukuma kifuniko.

Na mimi ananiita Bwi. Ninaingia mlangoni: "Bwi!" Mtu mzima, mkuu wa idara, naitwa sauti ya kitu kinachozama.

Ijumaa, 26 Agosti

Maximilla anafunga mizigo. Amekitia kitabu kwenye sanduku, chini kabisa. Nimekitoa nikakiweka juu. Amekirudisha chini, nguo zisichafuke na mwarobaini. Nimekitoa.

"Baba," akasema, "Muhoroni si mwisho wa dunia. Ukitaka utafika hata kwa lori la miwa."

"Nani amesema chochote? Naangalia gundi tu."

Jioni Agneta hakushona. Tulikaa. Akasema, kule wana babu mwingine, ana kiti cha kuegemea na redio kubwa. Nikamuuliza anajua nini huyo kuhusu kuelea. Amenimiminia chai, akatia sukari mara mbili kwa kusahau.

Jumamosi, 27 Agosti

Masinde alifika kabla ya saa sita na pikapu ya kuazima. Kijana mzuri, adabu tele, inaudhi. Tumemchinjia yule jogoo. Desturi ni desturi, firigisi ikawa yake. Nilimtazama akiitafuna polepole. Mle ndani mlikuwa na toleo la kwanza lote.

Agneta yuko jikoni tangu asubuhi. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawaketi chumba kimoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono. Masinde anamsalimu kwa kupaza sauti sebuleni, naye anaitikia akiwa ameupa mlango mgongo.

Mizigo imepakiwa. Tumeomba. Masinde akanyoosha mkono mezani kuchukua ufunguo wa pikapu. Haupo.

Hapo ndipo nilipo sasa. Wameinua viti, wametikisa mito. Maximilla yuko chini ya pikapu na nguo zake nzuri. Mimi nimeingia chumbani kusaidia kutafuta. Ninatafuta na kalamu mkononi.

Nilimwona. Aliutwaa mezani sisi wote tukiwa tumefumba macho — sala ilikuwa yangu, ilikuwa ndefu, na mimi nilifumbua kidogo. Alitembea mpaka jikoni. Agneta alikuwa ameinamia jiko, anapuliza mkaa. Mama akasukuma kifuniko cha mtungi, akainua ufunguo juu kama nilivyomfundisha, akageuka kunitazama.

"Kuka," akasema. Kuka! "Kuka — bwi!"

Akauachia.

Nami nikasema amina.

Nitawaambia. Bila shaka nitawaambia. Ila nafikiri: ni Mama aliyeutupa. Mimi ni mtoto tu, nitamshtakije mama yangu mbele ya wageni? Na Masinde hawezi kwenda kutafuta jikoni, mama mkwe yumo. Jua likichwa hawezi kuendesha gari la watu usiku. Kesho Jumapili, hakuna mtu anayesafiri kabla ya ibada. Nafikiri tu.

Masinde anakohoa sebuleni. Anasema joto, anaomba maji ya kunywa.

Agneta anaita kutoka jikoni: "Baba Maximilla! Mkwe ana kiu. Njoo umchotee wewe, mimi siwezi kumpelekea."

Nimesema nakuja. Mama ameshafika mlangoni hapa. Ameshika kikombe, ananivuta suruali kuelekea mtungini —