Mafuta ya Bawaba

Shosti, acha unachofanya. Mwenzio nimeumbuka mbele ya watu elfu tatu.

Unamkumbuka yule dada wa mtandaoni niliyemtumia kopo la mafuta ya mwili ninayotengeneza ayatangaze, nikasubiri jibu mpaka nikakata tamaa? Leo kaja mwenyewe nyumbani. Tuko mubashara sebuleni, nimemwandikia na maneno ya kusema, yamenyooka kama hotuba.

Mara mama huyo, katoka jikoni. "Hayo mafuta ni mazuri, mwanangu. Mimi nayapaka bawaba za mlango wa choo, hazilii tena."

Bawaba. Za choo. Mubashara.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Dada wa watu kacheka mpaka kope moja ya bandia ikamdondoka. Kisha akaiweka karatasi yangu pembeni, akaenda kuufungua ule mlango mbele ya kamera. Kimya, shosti. Haukulia hata kidogo.

Sasa hivi simu haipumziki. Watu wanaagiza "yale ya bawaba". Hakuna anayelitaja lile jina la mafuta nililokesha nikilitafuta.

Na kesho anarudi kurekodi tena. Si na mimi. Na mama. Yuko hapa ananiuliza uso wake unapendeza zaidi upande gani.