Bendera Moja

Yaya Faustin, kaka yangu mkubwa,

Leo ni Jumamosi na mechi ya mpira wa Kiaustralia imeanza kwenye simu. Kule Australia ni alasiri, kivuli cha jukwaa kimeshafika katikati ya uwanja, na huku kwetu Durban, hapa Berea, ndiyo kwanza kunapambazuka. Unakumbuka jambo hilo lilivyokuwa linakufurahisha, pengine kuliko mpira wenyewe. Ulikuwa unaiangalia simu na mswaki mdomoni, unasema, "Ona bale, wako kwenye saa yenye sisi hatujafika." Siku hizi naitazama ile saa yao nikikuwaza wewe. Naona kama na wewe umekaa mahali fulani kwenye saa ambayo sisi hatujaifikia, umelinyoosha goti lako bovu, unatungoja bila haraka.

Ni miezi minne sasa. Duka letu lipo. Upande wangu ile pasi ya kuchapia fulana bado inapiga kelele ikifunguka. Upande wako kuna dada mmoja wa Bukavu anasuka nywele. Kiti chako cha kunyolea anakitumia, kioo chako hajakigusa, na nilipomwambia kile kibandiko cha timu kwenye pembe ya kioo kibaki, alisema, "Sawa tu, hakinisumbue." Wateja wako wengine bado wanaingia, wanasimama mlangoni, wanakumbuka, wanatoka. Mimi hujifanya sijawaona.

Jumamosi wazee wa timu bado wanakuja kabla hatujafungua. Wamenenepa, yaya. Kapteni Rashidi, yule aliyekipata Kiswahili chake kwa bibi yake hapa hapa Durban, sasa anapanda ngazi mbili anapumzika. Lakini mechi ikianza kila mtu anakuwa na miaka ishirini na tano. Huyu alimruka beki, yule alipiga teke la mita hamsini, na ukiwasikiliza utadhani hatukuwahi kufungwa. Nami nawaacha waseme, nafumba macho, naenda zangu Westville.

Nauona ule uwanja wa kriketi tuliokuwa tunaazimwa, duara kubwa la majani na miti mirefu pembeni. Umande unatuingia viatuni. Kochi wetu, yule Mwaustralia aliyekuja kufundisha chuoni na gunia la mipira yenye umbo la yai, anatuambia kwa mara ya mia kwamba huku mikono inaruhusiwa. Sisi tuliokulia kwenye soka tunacheka. Kila upande zinasimama nguzo nne zisizo na wavu wala mwamba wa juu. Mpira ukipita kati ya zile mbili ndefu za katikati, alama sita. Ukipita pembeni, alama moja. Mpira unapigwa, unapaa, unajizungusha taratibu kwenye mwanga wa asubuhi, na katika kumbukumbu yangu huwa unachelewa sana kushuka. Nimewahi kuunguza fulana ya mteja nikiungoja ushuke.

Nakuandikia kwa sababu ya mpira mmoja ambao kwangu haujashuka mpaka leo. Unaujua.

Goti lilikuwa limeshakutoa uwanjani mwaka ule, na kwa sababu kila timu ya ridhaa ilipaswa kutoa mwamuzi wake wa goli, tulikuvika koti jeupe la duka la nyama na kukupa bendera mbili. Bendera mbili kwa alama sita, bendera moja kwa alama moja. Ulilipenda lile koti. Ulilifua mwenyewe na kulipiga pasi kwenye mashine yangu. Siku hiyo wapinzani wetu wa Maritzburg walikuja na teksi mbili, zile basi ndogo, zimejaa, na mechi ilipokaribia kwisha walikuwa mbele yetu kwa alama tano. Thulani akaudaka mpira mbali kabisa, karibu na ile miti. Thulani wetu wa Umlazi, mtu mpole, ambaye mwaka mzima hakuwa amefunga kitu. Akarudi nyuma hatua saba, akapiga.

Sijawahi kuona teke zuri kama lile, hata kwenye simu Jumamosi asubuhi. Mpira ulikuja moja kwa moja katikati ya nguzo. Mimi nilikuwa nimesimama chini yake, mgongo kwako, beki wa Maritzburg nyuma yangu, na kila nilichofundishwa na soka tangu utotoni kikaniambia mpira ukipita karibu na goli uusindikize uingie. Nikaruka, nikanyoosha mkono. Kidole kimoja, ncha tu. Mpira haukubadilisha hata njia.

Mchezo huu una sheria moja ambayo Kochi alituimbia mpaka akachoka. Mpira ukiguswa na mkono wa mtu yeyote kabla ya kuvuka mstari, hata wa mwenzako, sita zinakuwa moja. Niliijua. Niliikumbuka nikiwa bado hewani.

Ukapeperusha bendera moja.

Nakumbuka zile kelele, tumefungwa kwa alama nne. Wenzetu wakakuzunguka, mwamuzi wetu wenyewe, wa timu yetu. Kochi alikuuliza kama umeona vizuri, na ukasema maneno matatu, "Balo iliguswa. Basi." Hukusema na nani. Kila mtu akamtazama beki wa Maritzburg, aliyekuwa mbali hatua mbili nzima, na kila mtu akaona umekosea. Rashidi akanigeukia, akaniuliza kama mimi niliyekuwa pale chini nilimwona mtu akigusa. Nikasema, "Sikuona mtu."

Hilo tu, yaya. Ni maneno mawili na yamedumu miaka kumi na moja.

Tulirudi Berea na teksi yetu, na hakuna aliyetaka kukaa karibu na wewe, kwa hiyo nikakaa mimi. Wakanisifu kwa roho nzuri. Ulimenya chungwa, ukanipa nusu, ukainama ukaniuliza polepole, "Kidole kinakuuma?" Kilikuwa kinauma, ukucha ulikuwa umepinda. Nikasema hapana. Ukaendelea kula chungwa lako na kutazama nje. Hukuniuliza tena siku hiyo wala siku nyingine yoyote ya maisha yako.

Ndipo wakakubatiza Bendera Moja. Nilicheka nao. Ukiweka kijiko kimoja cha sukari, Bendera Moja. Akizaliwa mtoto mmoja tu nyumbani kwako, Bendera Moja. Wewe mwenyewe uliitika jina hilo na tabasamu lako la upande, ukisema moja inatosha. Wengine walikuwa wanatania tu. Thulani hakutania. Thulani aliacha kuja Jumamosi, akaenda kunyolewa kwingine, na kila tulipokutana alinieleza mimi, mimi hasa, kwamba teke lile lilikuwa zuri na wewe ulimnyang'anya. Na mimi nilikuwa natikisa kichwa. Sijui binadamu anawezaje kutikisa kichwa miaka yote hiyo. Nimeweza.

Hospitali nilikuja mara tatu nikiwa na neno mdomoni. Mara ya kwanza ulikuwa umelala. Mara ya pili ulitaka nikuwekee mechi. Mara ya tatu ulinishika mkono huu huu wa kulia, ukauweka juu ya shuka, ukaupigapiga kidogo, nikaona umeshanisamehe na nikaondoka nimefurahi. Leo najua nilijifurahisha mwenyewe. Kama ulinisamehe, ulinisamehe la kwako. La Thulani halikuwa mikononi mwako.

Sasa sikia kilichotokea. Siku ya kumaliza matanga yako inakaribia, na wazee wameagiza fulana ishirini, picha yako mbele, na nyuma kwa herufi kubwa, BENDERA MOJA. Wameagiza kwangu, mwenye mashine ni nani mwingine. Walikuwa wanakupenda, yaya, walitaka kukucheka kwa upendo. Nilikata zile herufi, nikazipanga mezani, na kwa siku mbili nikawa nazihamisha kutoka upande huu wa meza kwenda ule. Sikuweza kuziweka chini ya pasi.

Jumatano akaja binti yako Neema kuleta picha. Amerefuka, ana kipaji chako cha uso. Kati ya picha zote alichagua ile ya koti jeupe, umeshika bendera zako mbili zimekunjwa kifuani. Akaziona herufi mezani. Akaniuliza mimi baba yake mdogo, "Tonton Bahati, ni kweli Papa alikosaka ile siku?"

Nimedanganya watu wazima kumi na wanane kwa urahisi kabisa. Macho ya mtoto wako yalinishinda. Nilimwambia yote, kidole, ukucha, chungwa. Yule dada wa Bukavu alizima mashine yake ya kukaushia nywele ili asikie vizuri, na sikujali. Neema hakulia. Alisema, "Papa alijua ni weye?" Nikasema alijua kabla hata sijatua chini. Akakaa kwenye kiti chako, akawa anajizungusha kidogo huku na huku. Kisha akasema kitu ambacho sikukijua. "Wiki za mwisho alikuwa anaulizaka kila siku kama Thulani alipita."

Kila siku, yaya. Na Thulani alikuwa Mobeni, dakika ishirini kwa gari, na sababu ya kutopita kwake ilikuwa inakaa kando ya kitanda chako ikikuwekea mechi. Nisamehe. Naliandika wazi kwa sababu mdomoni lilinishinda: niliugusa mimi, na nikakuachia wewe ubebe.

Ijumaa nilifunga duka mchana, nikaenda Mobeni, nikasimama nje ya geti la ghala anakopakia malori. Alitoka saa ya chakula na mkate wake wa chipsi kwenye karatasi, akafurahi kuniona, akanikatia kipande. Nilikishika nikamwambia nikiwa nimekishika hivyo hivyo. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa nimejiandaa. Alitafuna mpaka akamaliza kilichokuwa mdomoni. Malori yalikuwa yanapita, vumbi linatua juu ya viatu vyetu. Akasema, "Eish, Bahati." Halafu akaniuliza, kwa kile Kiswahili alichojifunza kwetu kwenye teksi, "Kwa hiyo ilikuwa inaingia?"

Nikamwambia ilikuwa inaingia. Katikati kabisa. Haikuhitaji mtu.

Aligeuza uso akatazama ukuta wa ghala. Nilielewa pale kwamba kumbe miaka yote alikuwa na wasiwasi na teke lake mwenyewe, kwamba huenda kweli lilisaidiwa na mkono wa mtu, huenda halikuwa zuri kama alivyokumbuka. Kisha akauliza ulikufaje, nikamweleza habari ya figo. Akauliza kama uliumia sana. Nikamwambia kwamba ulikuwa unamuulizia kila siku. Hapo akakunja ile karatasi na mkate uliobaki, akaingia getini bila kuniaga. Sikumfuata.

Asubuhi hii niliwaambia na wengine, hapa dukani, kabla ya mechi. Rashidi alipunguza sauti ya simu mpaka ikanyamaza kabisa. Mmoja alijaribu kucheka, akaacha. Rashidi alisema tu, "Na sisi tulikataa kukaa naye kwenye teksi," akavua miwani akaifuta na shati muda mrefu kuliko kioo kinavyohitaji. Sijui kama wataendelea kuja Jumamosi. Wawili wameondoka mapema. Waliobaki wanatazama mechi bila sauti, na wanaume wale wadogo kwenye kioo cha simu wanaruka na kutua kimya kimya kwenye alasiri yao. Fulana zako zina picha mbele, nyuma hazina kitu. Nimemwachia Neema aseme kitakachoandikwa, na amesema bado anafikiri.

Nilikuwa nataka niishie hapo. Lakini nikiwa naandika ujumbe umeingia kutoka kwa Thulani. Ni maneno matatu tu, anauliza kaburi liko wapi.

Nimemjibu kwamba ni pagumu kupaona kwa mgeni, na kwamba kesho baada ya ibada nitampeleka mwenyewe kama atakubali kupanda gari langu. Amekubali. Basi mpokee, yaya. Ana mengi ya kukuambia na baadhi yatakuwa makali juu yangu, usinitetee. Umenitetea vya kutosha. Mimi nakuahidi sitatangulia kusema. Nitabaki ndani ya gari, pale kwenye uzio, hata akikaa saa nzima. Akiniita, nitakuja tusimame wote wawili. Asiponiita, nitamrudisha kwake kimya kimya, na wiki inayofuata nitakuja peke yangu.

Lala vizuri, kaka yangu.

Mdogo wako,
Bahati